Meseji niliyoituma Makueni ikafika Kitui

Najua nimekuwa kimya, na najua kuna watu kama watatu hivi wanaosubiri sehemu ya pili ya somo la kuweka Linux kwenye kompyuta kuukuu. Itakuja. Leo nina deni jingine.

Baadhi yenu mmekuwa mkiniandikia kuulizia ile programu ya kukusanya sahihi kwa meseji: niliiandika kwa lugha gani, na kama naweza kuwapa msimbo wake. Niliiandika kwa PHP (msicheke) na msimbo nitawapa. Lakini kwanza ngoja niwaeleze ilivyofanya kazi, maana ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotaka.

Mimi ni mtoto wa Makueni. Mama yangu analima Kathonzweni. Mdogo wake, yaani mjomba wangu, alihamia ng'ambo ya mto Athi, upande wa Mutomo, kaunti ya Kitui. Zamani kwenda kwake ilikuwa safari ya kumwagiwa vumbi siku nzima. Sasa kuna lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui mjini, kwa hiyo mtu hana tena kisingizio cha kutomtembelea. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Tarehe 3 Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri chini ya Rais William Ruto liliondoa marufuku ya mazao yaliyobadilishwa jeni, haya ambayo kila mtu anayaita GMO. Marufuku hiyo ilikuwa imedumu tangu tarehe 8 Novemba 2012, wakati wa Rais Kibaki, yaani miaka kumi kasoro mwezi mmoja. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mvua zilikuwa zimekosa misimu minne mfululizo, na huku kwetu Ukambani mvua za vuli ndizo tunazozitegemea. Za masika hata zikija ni za kuonja tu. Mifugo ilikuwa inakufa. Halafu mwezi wa Novemba waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akatangaza kwamba magunia milioni 10 ya mahindi yataingizwa bila ushuru, ya GMO na yasiyo ya GMO, akaongeza mzaha kwamba kuishi Kenya tayari ni kugombea kifo, kwa hiyo GMO ikiongezwa kwenye orodha si neno.

Labda jijini watu walicheka. Kathonzweni hawakucheka.

Wiki hiyo hiyo Mama akanipigia simu. Yumo kwenye kikundi cha wakulima, wengi wao akina mama, ambao huweka akiba pamoja na kubadilishana mbegu. Kikundi chao na vingine kadhaa vilikuwa vimekutana Wote wakakubaliana kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti ili Makueni itangazwe kuwa kaunti isiyo na GMO. Walihitaji sahihi. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta?" akaniuliza. "Tumekusomesha. Sasa tusaidie."

Mtu hamkatalii mama yake. Na kusema kweli, nilifurahi. Kazi yangu ya kila siku ni kuwaandikia watu wa Nairobi programu za hesabu za maduka, na mara moja nilitaka kuandika kitu ambacho watu wa nyumbani wangekitumia.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi. Kikundi kinanipa namba za simu, seva inatuma meseji kupitia kampuni inayouza huduma hiyo, mkulima anajibu NDIO pamoja na jina na kijiji, na jibu linaingia kwenye kanzidata lenyewe. Mwisho unachapisha majina na kuyapeleka Wote. Siku tatu, ikawa tayari.

Tatizo lilikuwa meseji. Wale mnaoandika programu za simu mnajua: meseji moja ni herufi 160. Ukizidisha, simu inazigawa na kuziunganisha upya, lakini kila kipande unalipia peke yake. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ndefu mara mbili na zaidi. Ilieleza GMO ni nini, kwamba marufuku imeondolewa bila wananchi kuulizwa, kwamba Katiba inataka waulizwe, na kwamba kaunti inaombwa ichukue hatua. Mweka hazina akapiga hesabu, akasema pesa zinatosha kipande kimoja kwa kila mtu. Basi nikakata. Nikakata Katiba, nikakata maelezo, na mmoja wa viongozi wa kikundi (si Mama) akasema jambo moja tu ndilo litakalowafanya watu wajibu. Meseji iliyotoka ilisema hivi:

GMO huleta saratani. Linda watoto na mbegu zetu. Jibu NDIO, jina lako na kijiji chako, tuitake kaunti ipige GMO marufuku.

Herufi 160 zilitosha, hata zikabaki.

Hapa ndipo deni langu lilipo. Mimi nilijua. Sikuwa mtaalamu, lakini nilikuwa nimesoma hadithi ya ile marufuku ya 2012 ilivyozaliwa. Mwezi Septemba 2012 mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, na wenzake walichapisha utafiti wa panya waliolishwa mahindi ya GMO kwa miaka miwili, pamoja na picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Picha hizo zilizunguka dunia nzima. Miezi miwili haikuisha, Kenya ikapiga marufuku. Lakini wanasayansi walipoukagua utafiti waliona panya walikuwa kumi tu katika kila kundi, na aina ile ya panya huota uvimbe kwa wingi wakizeeka, wale nini wasile nini. Novemba 2013 jarida lililouchapisha likaufuta. Mwaka 2014 waandishi wake wakauchapisha upya katika jarida jingine, lakini mashirika makubwa ya afya na sayansi hayakubadilisha msimamo: hakuna ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyopitishwa sokoni vinaleta saratani.

Kwa lugha yetu ya kompyuta: ile maktaba ya msimbo ilikuwa imeondolewa kwenye seva, lakini programu iliyoitegemea ikaendelea kukimbia miaka tisa zaidi. Na mimi, nikijua, nikaiita tena kwenye programu yangu.

Nilijiambia ni meseji tu. Nilijiambia jambo kubwa ni mbegu, saratani ni mlango wa kuingilia. Nikabonyeza.

Majibu yalimiminika, siwafichi. NDIO, NDIO, NDIO. Majina ya Mbooni, ya Nzaui, ya Kibwezi. Kama umewahi kuandika programu ambayo hakuna aliyeitumia utanielewa: nilikaa usiku nikiangalia jedwali likijaa kama mtu anayetazama mpira.

Namba nilizopewa zilikuwa za vikundi vya Makueni, lakini watu wa kwetu hawaishi ndani ya mipaka ya kaunti. Wana shangazi Kitui, wana wateja wa mbuzi Ikutha. Mama mwenyewe alikuwa ameweka namba za jamaa zetu wote, akiwemo mjomba. Na kule ng'ambo watu wakawa wanapelekeana meseji ile wenyewe kwa wenyewe, hivyo hata seva yangu haikuhitajika tena.

Sasa niwaeleze kuhusu mjomba. Desemba 2019, wakati marufuku ya vyakula ingali pale pale, Baraza la Mawaziri liliruhusu zao moja la GMO lilimwe kibiashara: pamba ya Bt. Kitui ni kaunti ya pamba tangu zamani, na kiwanda cha kuchambua pamba kipo, ingawa zao lenyewe lilikuwa limedorora. Mjomba alikuwa miongoni mwa walioijaribu. Adui wake wa miaka yote alikuwa funza wa vitumba. Huyu hutoboa kitumba kikiwa bado kichanga, na ukimwona kwa nje ujue ndani ameshamaliza. Mjomba alikuwa akibeba bomba la dawa mgongoni tena na tena msimu mzima, bila barakoa, bila glavu, na jioni anakohoa.

Bt ni kifupi cha Bacillus thuringiensis, bakteria anayeishi udongoni. Hutengeneza protini ambayo kiwavi akiila inamtoboa utumbo. Tumbo la kiwavi lina hali ya magadi, na protini ile huamka kwenye hali hiyo na kushika mahali maalumu kwenye ukuta wa utumbo wake. Tumbo la binadamu ni la asidi na mahali hapo halina. Wakulima wa kilimo hai wamekuwa wakinyunyiza bakteria hao hao kwa miongo mingi. Walichofanya wataalamu ni kuchukua jeni ya protini hiyo na kuiingiza kwenye pamba, ili mmea wenyewe ujilinde. Vidukari na wadudu wengine wanaofyonza haiwagusi, kwa hiyo bomba halistaafu kabisa. Lakini mjomba alilibeba mara chache mno, na kwake hiyo ndiyo sayansi yote aliyoihitaji.

Msimu ule wa vuli wa mwisho wa 2022 mvua zilikuwa haba tena. Mahindi yake yalikauka yakiwa kimo cha goti. Pamba ikasimama. Haikuwa nyingi, lakini ndiyo iliyokuwepo shambani, hakukuwa na kingine. Mwezi wa Machi 2023 vitumba vilipopasuka akawaita akina mama wa kijijini wanaomvunia kila mwaka kwa malipo ya kilo.

Hawakuja. Mmoja wao alikuwa na ile meseji kwenye simu. Kama GMO inaleta saratani kwa kuila, je, kuishika siku nzima kwa vidole? Na wengine wana watoto wachanga mgongoni.

Mjomba na mkewe walivuna wenyewe walivyoweza. Kisha mvua, ambazo tulikuwa tumeziomba miaka miwili, zikaamua kunyesha. Pamba iliyopasuka ikanyeshewa, ikachafuka na kuingia madoa, na bei ya pamba chafu mnaijua.

Akanipigia simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alikuwa anauliza kwa nia njema kabisa. "Mpwa wangu, wewe unajua mambo haya ya kompyuta. Kuna meseji inatembea huku. Ni ya kweli? Maana hawa wajukuu wanalalia magunia ya pamba."

Nikamwambia, "Haina ukweli, mjomba. Msiogope."

"Sasa nani ameituma?"

Nikasema nitaangalia.

*

Nilisema sitaandika makala ya kumpinga mama yangu, na sitaandika. Kadiri nilivyosoma baada ya hapo ndivyo nilivyoona kwamba hoja yake ilikuwa nzuri, ila mimi niliivalisha nguo ya uongo ili iingie kwenye herufi 160.

Mama hajawahi kuniambia habari za panya. Siku nilipomuuliza hasa anachokiogopa, alinipeleka jikoni. Juu ya mafiga, mahali moshi unapopita, huning'inia vibuyu vyake. Kimoja cha kunde, kimoja cha mtama, kimoja cha mbaazi, vyote vimechanganywa na majivu. Kunde zile alipewa na mama mkwe wake. Akaniambia, "Hizi nikikosa mvua mwaka mmoja, jirani ananipa. Mwaka wa pili namrudishia. Hiyo yao nikikosa pesa, nani atanipa?"

Hoja hiyo haihusu sumu hata kidogo. Ni hoja ya leseni, na sisi watu wa programu ndio tungepaswa kuielewa kabla ya wengine wote! Wale wa zamani mnakumbuka Jambo OpenOffice, ile programu huria ya ofisi kwa Kiswahili kutoka mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Tulishangilia kwa sababu ungeweza kuinakili, kuibadilisha na kumpa jirani bila kumwomba mtu ruhusa. Kibuyu cha Mama kimekuwa kikifanya kazi kwa masharti hayo hayo tangu kabla ya umeme.

Pamba ya mjomba ni kinyume chake. Ni chotara, kwa hiyo mbegu ukiihifadhi na kuipanda tena haitoki kama mama yake. Kila msimu unanunua upya, kama leseni ya antivirasi. Na hata pasipo uchotara kuna hataza. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya mkulima wa Indiana, Vernon Bowman, aliyepanda tena soya zenye jeni ya Monsanto alizozinunua kwenye ghala la nafaka. Majaji wote tisa waliona kwamba kupanda ni kunakili. (Wengine wakajibu kwa mtindo wetu: mwaka 2012 huko Marekani ulianzishwa mpango wa Open Source Seed Initiative, mbegu zinazotolewa kwa ahadi kwamba hakuna atakayezifungia.) Kuna mahindi ya Bt ya mradi wa TELA ambayo kampuni imekubali yatumike bila kulipia mrabaha. Hilo ni jema, lakini zawadi ya mwenye leseni ni zawadi mradi mwenyewe anapenda.

Mwaka 2024 mjomba alilionja hilo yeye mwenyewe. Mvua ilikaribia, akaenda kwenye agroveti, mbegu ya pamba haijafika. Akaenda tena. Ilifika shamba likiwa limeshalowa na kukauka. Mtu wa vibuyu angekuwa ameshapanda.

Tena kuna mambo ya kuuliza kuhusu teknolojia yenyewe ambayo hayahitaji saratani hata kidogo. Burkina Faso ililima pamba ya Bt kwa wingi, funza wakapungua, mavuno yakapanda, kisha kufikia 2016 ikaiacha kwa sababu nyuzi zake zilikuwa fupi na wanunuzi walikuwa wakiilipia kidogo. Huko India funza wa waridi amezoea sumu ya Bt na kuendelea kula. Hayo ndiyo maswali ambayo mkulima wa Kitui alistahili kutumiwa kwenye simu.

Wala Makueni si mgeni wa mambo haya. Ukipita barabara ya Mombasa, kabla ya Makindu utaona kituo cha utafiti cha Kiboko. Mahindi ya GMO yalijaribiwa pale, ndani ya uzio, muda mrefu kabla ya sisi kuanza kubishana. Mwaka 2005 jaribio la mahindi ya Bt lilikatishwa na mimea ikaharibiwa kwa sababu ilinyunyiziwa dawa ambayo masharti ya jaribio hayakuiruhusu. Nilipoisoma habari hiyo nilishangaa: maafisa walikuwa wakali hivyo kwa kipande kidogo cha shamba, na sisi tulikuwa tukiambiana kwamba hakuna anayesimamia.

*

Ombi lenyewe liliishia wapi? Majina yalichapishwa, yakapelekwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge au kufuta sheria, na hiyo haki tuliitumia. Lakini rafiki yangu mmoja wakili aliponisomea Jedwali la Nne la Katiba nikaelewa kwa nini tungekwama. Kaunti zimepewa ukuzaji wa mazao na mifugo. Sera ya kilimo ni ya serikali ya taifa. Na GMO ina sheria yake ya kitaifa, Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009, yenye mamlaka yake, NBA, na adhabu ya hadi shilingi milioni 20 au miaka 10 jela kwa anayevunja masharti. Kaunti haina pa kupenya kirahisi.

Tulikuwa tumedanganywa na mafanikio ya nyuma. Mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria yake ya kulinda mchanga wa mito, na ukiona mito yetu inavyohifadhi maji chini ya mchanga utajua kwa nini. Mwaka 2018 Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ikapiga marufuku biashara ya makaa, hadi lori likachomwa moto na kaunti mbili zikakaribia kugombana. Basi tukadhani: kama mchanga, kama makaa, kwa nini si mbegu?

Swali hilo wamelijibu wengine kwa gharama kubwa. Mendocino, kaunti ya California, wananchi walipiga kura Machi 2004 kuzuia kilimo cha GMO, na ikasimama. Kaunti za Hawaii zikajaribu vivyo hivyo miaka kumi baadaye. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikasema sheria ya jimbo inazitangulia, zikaanguka. Kura za Hawaii zilikuwa halali kabisa, ila zilipigwa mahali pasipo na uwezo huo. Hapa kwetu Murang'a ilipita njia nyingine: mwaka 2022 ilitunga sheria ya kuendeleza kilimo kinachotunza ikolojia. Hiyo iko ndani ya mamlaka ya kaunti, kwa sababu ni ya kujenga na haigombani na ya taifa.

Mapambano ya GMO yenyewe yakahamia mahakamani Nairobi, na huko yamekuwa kama mpira wa wavu. Mwishoni mwa 2022 uagizaji ukasimamishwa. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatupa kesi ya Chama cha Mawakili. Novemba 2024 Mahakama Kuu ikatupa nyingine. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena hadi rufaa isikilizwe. Sitawachosha.

Kesi ninayotaka kuwaeleza ni nyingine, na naona aibu kwamba tulipokuwa tukituma meseji kwa watu zaidi ya elfu mbili hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ipo. Mwaka huo huo wa 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda Mahakama Kuu ya Machakos kupinga vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea. Sheria hiyo haihusu GMO. Inahusu kila mbegu. Kwa vifungu vile, kuuza au kugawa mbegu ambayo haijasajiliwa na kuthibitishwa ilikuwa kosa, adhabu yake faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 2.

Someni tena taratibu. Mama yangu akiuza kunde sokoni Kathonzweni, akisema ni za kupika, ni mfanyabiashara. Kunde hizo hizo akisema ni za kupanda, ni mhalifu. Kile kibuyu nilichoapa kukilinda dhidi ya GMO kilikuwa tayari nje ya sheria, na GMO haikuhusika. Hali Katiba yenyewe, Ibara ya 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji na matumizi yake kwa jamii za Kenya!

Tarehe 27 Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba. Nilimpigia Mama nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani ilikuwa kosa?"

*

Desemba nilikwenda nyumbani. Mama alinifungia kunde za mbegu, kilo mbili hivi, kwenye mfuko wa unga uliooshwa, akasema nimpelekee mjomba wako, mvua zake zimekuwa mbovu. Nikapita Kibwezi, nikavuka Athi. Nimewaambia hakuna tena kisingizio.

Mjomba alinipokea vizuri. Tukala muthokoi, tukazungumza habari za watoto, za barabara, za mbuzi. Nilichelewesha hadi giza likaingia. Ndipo nikamwambia kwamba ile meseji ya miaka ile niliituma mimi, kwa programu yangu, na nilijua haikuwa kweli nilipokuwa nikiituma.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Mkewe alikuwa akitoa vyombo, naye akasimama. Kisha mjomba akauliza, "Dada yangu alijua?"

Nikasema hapana. Yeye aliamini.

"Na wale akina mama wavunaji, umeshawaambia?"

Sikuwa nimewaza hilo. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwake tu.

"Wanakaa pale pale," akasema. "Kesho ni siku ya soko, watakuwepo wote."

Asubuhi tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Njiani alibeba ule mfuko wa kunde mkononi, na mara mbili aliufungua kuzitazama. Aliniuliza kama mtambo wangu unaweza kutuma meseji ndefu kuliko ile. Nikamwambia unaweza, ila inalipiwa kila kipande. "Basi safari hii," akasema, "utalipa wewe."

Ililipiwa vipande vinne. Msimbo nitaupandisha wiki ijayo, pamoja na ile sehemu ya pili ya Linux.